UZI: Assassin's Creed, wapi wanasimulia vizuri na wapi kisa kinawaponyoka

Mdau wa Kirumba (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa wale wanaocheza Assassin's Creed, ule mfululizo wa gemu za vita ya siri kati ya vyama viwili, Assassins na Templars, kwa ajili ya kisa. Kwenye vibanda vya gemu hapa Mwanza, kuanzia Kirumba mpaka Buhongwa, ubishi huwa ni nani mkali wa upanga, Ezio au Bayek, na unaishia hapohapo. Leo tuache upanga. Tuangalie waandishi wamekipanga vipi kisa, kinashika wapi na kinaachia wapi. Tutataja miisho humu, kwa hiyo ambaye hajamaliza Black Flag, Origins, Valhalla au Shadows asome akijua hilo.

Msimamo wangu ni huu: gemu hizi husimulia vizuri pale tukio moja linapozaa lingine kwa mpangilio ambao mchezaji hawezi kuuvuruga. Wakianza kukuachia uchague pa kuanzia, bila kuandika upya matokeo ya uchaguzi wako, kisa kinakatika vipandevipande.

Chukueni Assassin's Creed II ya mwaka 2009. Ezio ni kijana wa miaka 17 pale Florence, mwaka 1476. Anapigana ngumi na kundi la Vieri de' Pazzi, anapanda dirishani kwa mpenzi wake, anamtafutia mdogo wake anayeumwaumwa manyoya ya ndege. Muda mrefu unapita bila vita ya maana. Waandishi wanakujengea familia kwanza, na unaizoea. Kisha baba na ndugu wawili, Federico na Petruccio, wananyongwa uwanjani kwa hila ya Uberto Alberti, mtu ambaye Ezio mwenyewe alimpelekea nyaraka za kumwokoa baba yake. Kosa la kumwamini linakuwa la kwako pia, maana ni wewe uliyezibeba.

Sasa tazameni ujuzi unavyokuja. Kisu cha siri kinatengenezwa na Leonardo da Vinci kwa sababu Ezio ana mtu wa kumuua. Kupotelea katikati ya watu anafundishwa na Paola kwa sababu anatafutwa mji mzima. Kupigana kweli anafundishwa na Mario, ndugu wa baba yake, huko Monteriggioni, baada ya kuikimbiza familia. Kila kitufe kipya kwenye pedi kina sababu ndani ya kisa. Gemu nyingi zinakufundisha vitufe kwanza, kisa kinafuata nyuma kikihema.

Na historia wanaitendea haki. Tarehe 26 Aprili 1478 akina Pazzi walimuua Giuliano de' Medici ndani ya kanisa kuu la Florence, kaka yake Lorenzo akajeruhiwa na kupona. Gemu haibadilishi hata moja kati ya hayo. Inachofanya ni kumweka Ezio kwenye upenyo ambao vitabu vimeuacha wazi: nani alimfikisha Lorenzo salama. Kanuni hiyo ndiyo nguvu kubwa ya mfululizo mzima. Tukio linabaki lilivyokuwa, mkono uliolisukuma ndio wa kubuni.

Udhaifu wa gemu hiyohiyo unaonekana mwishoni. Sura ya 12 na ya 13, vita ya Forlì na Savonarola pale Florence, zilitolewa zikauzwa baadaye kama nyongeza. Anayecheza toleo la kwanza anatoka mwaka 1488 na kutua 1499 kwa mruko mmoja. Ezio amepita miaka 11, ana hasira mpya kwa adui yake mkuu Rodrigo Borgia, na hukuona ilikotoka. Mwenye kuanza leo atafute The Ezio Collection ya 2016, sura zote mbili zimo ndani.

Kuhusu gemu ya kwanza kabisa, ya 2007: watu wanaikimbia kwa sababu inajirudia, na kweli inajirudia. Walengwa tisa, Damascus, Acre na Jerusalem, mwaka 1191, na kila mara ni ileile: nenda ofisi ya Assassins, sikiliza mazungumzo ya watu, iba barua, mbane mtu vichochoroni akwambie, kisha ua. Lakini kila mlengwa akianguka anapewa nafasi ya kujitetea. Garnier wa hospitali ya Acre anasema wagonjwa wake wana nafuu kuliko walikotoka. Jubair anayechoma vitabu Damascus anasema vitabu ndivyo vilivyowapeleka watu vitani. Altaïr, stelingi wa gemu hiyo, anarudi kwa mwalimu wake na maswali, safari ya pili maswali mengi zaidi, mpaka inadhihirika kwamba mlengwa wa kumi ni mwalimu mwenyewe, Al Mualim. Kisa kizima kimejengwa kwenye maneno ya wafu tisa, na sijaona gemu iliyofuata iliyorudia jambo hilo kwa uzito uleule.

Karibuni. Atakayepinga apinge kwa misheni na sura, tuweze kufuatilia.

Binti Isamilo

Mkuu, nakubaliana nawe kwa Ezio, ila umeiruka gemu inayosemwa vibaya kuliko zote, Assassin's Creed III ya 2012. Pale kuna usimulizi mzuri sana na usimulizi mbovu sana ndani ya diski moja.

Uzuri: sura tatu za kwanza unamchezesha Haytham Kenway. Ana kisu cha siri, ana adabu, anakusanya wenzake Boston mmoja mmoja. Unajua unaongoza Assassin. Mwisho wa sura ya tatu anampokea Charles Lee kwenye chama chake kwa maneno ya Templars, na hapo unatambua kwamba muda wote umekuwa ukiwajenga maadui. Waandishi hawakudanganya hata mara moja. Wewe ndiye uliyeona kisu ukahitimisha. Ukirudia sura hizo tatu baada ya kujua, kila sentensi ya Haytham inasomeka upya.

Gharama yake inalipwa na Connor, stelingi mwenyewe wa gemu. Anaingia sura ya nne akiwa mtoto, anakua, anafunzwa kwa Achilles, na joho la Assassin analivaa saa nyingi tangu uwashe gemu. Kisha wanamkimbiza kwenye kila tukio la mapinduzi ya Marekani: chai ikitupwa bandarini Boston mwaka 1773 yupo, Paul Revere akizunguka usiku kuamsha watu mwaka 1775 Connor ndiye anayemwendeshea farasi, Bunker Hill yupo. Ile kanuni ya upenyo uliyoieleza, mkuu, hapa inavunjika. Connor hazibi nafasi iliyoachwa wazi na historia, anasimama kwenye picha ya watu wengine.

Jambo linaloniuma ni hili. Connor halisi amefichwa kwenye misheni za pembeni za Homestead, lile shamba la Achilles. Unawasaidia wapasua mbao Godfrey na Terry, mwindaji Myriam, mchimbaji Norris ambaye hajui aanzeje kumwambia Myriam kwamba anampenda. Connor anamshauri, anamtafutia maua, harusi inafungwa, na Achilles anakuwa kama baba kwake. Hapo anacheka, anauliza, anasikiliza. Hakuna hata moja ya hizo iliyo ya lazima. Ukifuata alama kuu tu kwenye ramani unamaliza gemu ukiamini stelingi ni mtu wa kununa kutoka mwanzo hadi mwisho, na ndivyo wengi wanavyosema.

Utaratibu ninaoushauri: kila ukimaliza sura moja kuanzia ya sita, rudi Homestead, maliza alama zote zilizofunguka, ndipo uendelee. Usizilimbikize mpaka mwisho, kwa sababu Achilles anafariki kabla ya kisa kuisha na mazungumzo yake hayarudi.

Na jamani, zimeni akili kwenye yale masharti ya ziada ya kufikisha asilimia 100. Yalianza na gemu ya Brotherhood mwaka 2010. Upo kwenye tukio la huzuni, gemu inakwambia usiguswe hata mara moja na uue kwa dakika tatu. Ukikosa, maandishi mekundu yanatokea juu ya huzuni yako. Hayaongezi chochote kwenye kisa.

Nahodha wa Ukara

Black Flag, 2013. Kwangu ndiyo iliyoandikwa vizuri kuliko zote, na sababu yake ni rahisi: stelingi hana habari na vita ya Assassins na Templars. Edward Kenway ni haramia wa baharini, anataka hela. Mwaka 1715 anamuua Duncan Walpole ufukweni, anavua joho la marehemu analivaa, anaenda Havana kudai malipo ya marehemu kwa gavana Torres. Anawauza Assassins bila kujua wala kujali. Kila anachopata baadaye kinamgharimu rafiki.

Fuatilieni wanavyoondoka. Thatch, yule Blackbeard, anauawa. Kidd, ambaye kumbe ni Mary Read, anafia mikononi mwa Edward baada ya gereza la Jamaica mwaka 1721. Adéwalé, msaidizi wake melini, anamwacha na kwenda kwa Assassins kwa sababu amechoka kumsubiri abadilike. Edward anabaki na ulevi na ndoto mbaya, na katika ndoto hiyo wewe unatembea tu, huna la kumpiga. Anaingia kwenye chama karibu na mwisho. Mezani, tukio la mwisho, anawaona waliokufa wote wameketi wanakunywa, kisha meli inaleta binti yake ambaye hakuwahi kujua kama yupo. Hilo limefanyiwa kazi kwa saa 20 na zaidi, ndiyo maana linakaa moyoni.

Ubovu wake ni misheni za kumfuata mtu na kumsikiliza. Ni nyingi mno, na zinaua mazungumzo mazuri. Watu wawili wanaongea jambo la msingi, wewe macho yako yapo kwenye duara la umbali, ukitoka nje kidogo unarudishwa mwanzo na mazungumzo yanaanza upya. Mara ya tatu husikilizi tena. Ushauri: usitembee nyuma yao, panda juu ya paa au mtini mapema, kaa pembeni yao badala ya nyuma, na uwashe maandishi ya chini ya skrini.

Freedom Cry, ile nyongeza ya Adéwalé pale Port-au-Prince, inahitaji mjadala wake. Kisa ni kizito: mtu aliyekuwa mtumwa anarudi kwenye visiwa vya watumwa miaka ya 1730. Kuna misheni ambapo meli ya watumwa inapigwa mizinga na watu wa gavana inazama, wewe upo ndani, watu wamefungwa minyororo, na huwezi kuwafikia wote. Ni katika mambo ya kweli zaidi yaliyowahi kuwekwa kwenye gemu hizi. Lakini nje ya hapo, kila mtu unayemkomboa mtaani anaingia kwenye hesabu, na hesabu ikifika kiwango fulani unafunguliwa silaha au mfuko mkubwa wa risasi. Kisa kinasema hawa ni watu, mfumo unasema hizi ni pointi. Sidhani waandishi walikusudia, ila unapokosa mfuko mmoja ukajikuta unatafuta shamba la kuvamia kwa ajili ya idadi, gemu imejipinga yenyewe.

Jiwe la Bismarck

Mnasahau Valhalla. Ramani kubwa, saa 60 za kisa kikuu, Uingereza nzima ya mwaka 873. Mtu anapata thamani ya pesa yake.

Mdau wa Kirumba (mleta mada)

Mkuu Jiwe, Valhalla ndiyo mfano wangu wa pili wa msimamo niliouandika juu.

Kila jimbo ni kisa kinachojitegemea. Unaenda kwa Randvi mezani Ravensthorpe, makazi yenu, unachagua jimbo kwa kuangalia namba ya nguvu: Ledecestrescire na Grantebridgescire 20, East Anglia 55, na kuendelea. Unafika, unakuta kiongozi mwenye shida, kuna msaliti ndani ya nyumba yake, unavamia ngome, mnaagana, unarudi kuripoti. Kwa kuwa mchezaji anaweza kubadilisha mpangilio, waandishi hawawezi kuruhusu jimbo moja liguse jingine. Eivor, stelingi wake, akitoka East Anglia hawezi kuwa amejifunza kitu ambacho mtu wa jimbo linalofuata anakijua, maana huenda jimbo hilo ameshalimaliza.

Kisa chenyewe cha Eivor na Sigurd ni kizuri: ndugu wa kulelewa, mmoja anaanza kujiona mungu, mwingine anatakiwa achague lini amtii na lini amkatalie. Mambo unayomfanyia Sigurd yanahesabiwa na yanaamua kama atabaki nawe mwishoni. Shida ni umbali kati ya tukio moja la Sigurd na lingine. Katikati unaweza kupita majimbo matatu. Ukirudi kwake umesahau alisema nini.

Anayetaka kukiona kisa hicho kikiwa kizima afanye hivi: majimbo yanayomhusu Sigurd na Basim, mwenzake wa safari, moja kwa moja ayacheze mfululizo, na kila akirudi Ravensthorpe aongee na Randvi, Valka na Basim kabla ya kuchukua jimbo jipya. Yale mengine, London na York zikiwemo, yachukuliwe kama hadithi za pembeni. Zipo nzuri, lakini hazibebi mzigo.

Mwalimu wa Magu

Naomba niitetee Odyssey ya 2018 kidogo, maana uchaguzi hauui kisa kila mahali. Mwanzoni kabisa, kisiwa cha Kephallonia, unakuta familia inataka kuuawa na kuhani kwa sababu wana tauni. Ukiwahurumia ukawaacha, unaondoka ukijiona mwema. Saa nyingi baadaye unarudi na kisiwa kizima kimeugua. Hakuna aliyekuonya. Huo ni uchaguzi ulioandikiwa matokeo. Misheni kumi za namna hiyo zingetosha kuibeba gemu.

Kwenye historia pia wana mahali walipofanya vizuri. Tauni ya Athens ya mwaka 430 kabla ya Kristo ipo, unaichoma maiti mitaani, na Phoibe, yule binti mdogo aliyekufuata kutoka Kephallonia, anauawa humo humo. Walipokosea ni Perikles. Historia inasema alikufa mwaka 429, wakati wa tauni. Gemu inampa kifo cha upanga mkononi mwa Deimos, ndugu wa stelingi aliye upande wa maadui, ili tupate sinema. Tauni ilikuwa tayari mlangoni, ingetosha. Kiongozi mkubwa anayekufa kwa ugonjwa uleule unaoua maskini ni tukio zito kuliko upanga.

Na nyongeza ya Legacy of the First Blade iliwakera watu wengi kwa haki. Gemu kuu ilikuahidi kwamba mapenzi ya stelingi uliyemchagua, Kassandra au Alexios, unayaamua wewe. Januari 2019 sehemu ya pili ikatoka, stelingi anapata mtoto na mtu aliyepangiwa, hata kama uliyakataa mapenzi hayo. Wakalazimika kubadilisha baadhi ya maneno. Hapo mfululizo ulivunja ahadi yake ndani ya kisa, na ahadi ikivunjwa mchezaji haamini tena uchaguzi unaofuata.

Origins ya 2017 inaikaribia zaidi kanuni ya mleta mada. Bayek wa Siwa anawinda waliomuua mwanawe Khemu. Walengwa wamevaa majina ya wanyama. Mmoja wao, Khaliset, aliyeitwa Fisi, naye amefiwa na binti na anaua watu kwa kuamini anaweza kumrudisha. Bayek anapomshinda anamshinda mzazi mwenzake. Taharqa wa Letopolis, aliyeitwa Dundu (Scarab), unakaa naye, unamsaidia kujenga mji, kisha unajua ni nani. Na zile duara za mawe 12 jangwani, ambapo Bayek anakumbuka alivyomfundisha Khemu nyota, tena zimewekwa pembeni kama Homestead aliyoitaja Binti Isamilo. Inaonekana ni desturi yao kuficha moyo wa kisa mahali ambapo asiye na subira hafiki. Msiziruke.

Kwa walimu wenzangu wa historia: Origins ina Discovery Tour, iliyotoka 2018, ziara 75 bila mapigano. Inafaa darasani, projekta moja na maswali matatu ubaoni.

Fundi Pedi Igogo

Wakuu mnaongea kisa, mimi niongezee upande wa vifaa maana unaharibu kisa kuliko waandishi.

Anayecheza kibandani kwa kulipia muda, chagua gemu kulingana na muda. Valhalla ya saa 60 kwa kipande cha saa moja moja huwezi kuifuata. Mirage ya 2023, Baghdad ya mwaka 861, inaisha kwa saa 15 hadi 20, walengwa wachache, ubao wa uchunguzi unaonyesha nani anamwongoza kwa nani, kwa hiyo ukirudi baada ya siku nne unaangalia ubao unakumbuka. Ila mwisho wake, kile kisa cha stelingi Basim na rafiki yake Nehal, hauna maana kamili kwa asiyejua Valhalla. Ndiyo kasoro yake kubwa.

Sevu: tengeneza yuza yako kwenye mashine, usicheze kwenye yuza ya kila mtu, mwingine akianza gemu mpya, ya kwako inafutika. Kwenye PS4 unaweza kunakili sevu kwenye flashi: Mipangilio, usimamizi wa data za programu zilizohifadhiwa, hifadhi ya mfumo, nakili kwenda USB. Kwenye PS5 sevu za gemu za PS4 zinanakilika kwenye USB, za gemu za PS5 hazinakiliki, zinahitaji huduma ya kulipia ya mtandaoni.

Unity ya 2014 usiicheze kwa diski tupu bila kushusha masahihisho. Ilitoka ikiwa na makosa mengi, watu wanadumbukia ardhini, sura zinapotea zinabaki macho na meno. Huwezi kuhuzunika na wapenzi wa kisa hicho, Arno na Élise, katika hali hiyo. Gigabaiti zinauma, lakini ukishamaliza kushusha ndipo uanze.

Na ile ya 2007 toleo la zamani haina maandishi chini ya skrini. Kibanda chenye kelele za mpira utapoteza yale maneno ya wafu anayoyasifu mleta mada. Vaa hedifoni.

Binti Isamilo

Asante sana kaka Fundi, hiyo ya sevu iwekwe juu kabisa.

Naomba tuguse Shadows ya Machi 2025, kwa sababu Yasuke anatuhusu watu wa upande huu. Mtu wa kweli: alifika Japani mwaka 1579 na mmisionari Alessandro Valignano, alionana na mbabe wa vita Oda Nobunaga mwaka 1581, alikuwa naye mpaka Nobunaga alipokufa kwenye hekalu la Honnō-ji mwaka 1582. Inadhaniwa alitoka Msumbiji. Baada ya hapo kumbukumbu zinanyamaza. Yaani ni upenyo mtupu, ile nafasi iliyoachwa wazi ambayo mfululizo huu unaijua kuliko kazi nyingine yoyote.

Wameutumia nusu. Mwanzo ni mzuri sana: Yasuke anaingia kama mbeba mizigo wa wageni, Nobunaga anamwangalia na kumuuliza mambo kama mtu. Halafu anapotea. Saa kama kumi unamchezesha stelingi wa pili, Naoe, peke yake, ambaye baba yake ameuawa na kijiji chake cha Iga kimeteketezwa. Yasuke anaporudi, Naoe tayari ana kisa, ana adui, ana kambi, naye anakuja kama mgeni nyumbani kwa mwenzake. Kisha ubao wa walengwa wa Shinbakufu, kundi la maadui, unafunguka, vinyago 12, unawafuata kwa mpangilio unaotaka, na ugonjwa wa Valhalla unarudi. Kwa sababu mlengwa yeyote anaweza kuuawa na yeyote kati ya wawili, maneno yameandikwa yamfae yeyote. Mtu aliyechoma kijiji cha Naoe na mtu asiyemjua kabisa wanakufa kwa mazungumzo yanayofanana uzito.

Mambo mawili yanasaidia. Washa hali ya kisa rasmi mwanzoni, gemu inachagua majibu yenyewe na tabia zao hazipingani. Na washa lugha za asili, Kijapani na Kireno, na maandishi chini. Yasuke akiongea Kireno na wamisionari na Kijapani na Nobunaga unasikia safari yake bila kuelezwa.

Nahodha wa Ukara

Dada umenigusa. Sasa niulize: kama kanuni ni upenyo wa historia, kwa nini tusiujadili wa kwetu? Ziwa hili lina kisa kinachokaa sawasawa na umbo la Assassin's Creed II.

Speke aliliona ziwa hapa Mwanza Agosti 1858. Stanley alifika Kageye, upande wa Magu, mwaka 1875 na boti yake Lady Alice, akalizunguka ziwa, na mwezi Agosti mwaka huohuo akarudi kisiwa cha Bumbire kulipiza kisasi kwa risasi dhidi ya watu wenye mikuki na mishale. Desemba 1877 wamisionari wawili Waingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe katika ugomvi kati ya mtemi Lukonge na mfanyabiashara Songoro, aliyekuwa anaunda jahazi kisiwani. Kila mtu hapo ana sababu. Mtemi ana kisiwa chake na mbao zake. Songoro ana biashara. Wamisionari wanahitaji chombo cha kwenda Buganda kwa Mutesa.

Miaka miwili na nusu, visiwa vitatu vinne, na ziwa lenye upepo wa mchana na dhoruba za usiku ambazo zinaamua nani anafika. Hakuna haja ya ramani ya saa 60.

Mwalimu wa Magu

Mkuu, wazo ni zito, ila nani awe mlengwa? Ukimweka Lukonge kuwa adui wa mwisho umerudia simulizi za wamisionari. Ukimweka Shergold Smith, unamuua mtu ambaye hata kwenye ugomvi wenyewe hakuwa kiini.

Nahodha wa Ukara

Hakuna kati yao. Mlengwa awe mtu wa kubuni, kama gemu ya kwanza ilivyofanya kwa kuwachanganya wa kubuni na wa kweli. Mtu anayempelekea Lukonge habari za uongo kuhusu jahazi na kumpelekea Songoro habari za uongo kuhusu mtemi. Vifo vya Desemba 1877 vinabaki vilivyo. Stelingi anafika akiwa amechelewa, kama Ezio alivyochelewa uwanjani.

Mdau wa Kirumba (mleta mada)

Hapo umepata. Na stelingi awe mtu wa jahazi hilo: fundi wa mbao, Mkerewe au Msukuma, aliyeajiriwa na Songoro. Sura ya kwanza yote iwe kazi. Kukata mti, kupasua mbao, kuzibeba mpaka ufukweni, kuziba mianya, kujadili ujira, kurudi nyumbani kwa ndugu zake. Mchezaji ajue kila ubao ulipo kabla jahazi halijachomwa. Ujuzi wa kupanda aupate kwenye mlingoti, wa kujificha kwenye matete, wa kupiga kasia kwa sababu jahazi halipo tena na imebaki mitumbwi. Kikerewe, Kisukuma, Kiswahili cha pwani na Kiganda visikike vyote, kama walivyofanya Kimohawk kwenye ya tatu.

Binti Isamilo, wewe uliyeshika Homestead, ndugu zake nyumbani wawe wangapi, na nani kati yao yupo upande wa mtemi?

Binti Isamilo

Watatu. Dada mkubwa aliyeolewa kwenye ukoo wa mtemi, huyo ndiye wa upande wa pili, na awe na hoja nzito kuliko ya stelingi. Mdogo wa kiume anayemfuata stelingi kazini. Na mama. Na tafadhali misheni zao ziwe za lazima, zote, ndani ya njia kuu ya kisa.